Kodi, Kipande na Hatimiliki: Rangi Ilivyozaa Umaskini Kenya, Umaskini Nao Ukaitetea Rangi

Tukitaja ubaguzi wa rangi, wengi hukumbuka mabango: hoteli ya Nairobi isiyompokea Mwafrika, kiti asichoruhusiwa kukalia, mlango wenye maandishi ya kumrudisha mtu alikotoka. Mabango hayo yaliumiza, lakini ndiyo yaliyokuwa rahisi kuyang'oa. Kazi yenyewe ilifanyika kwingine: kwenye daftari la kodi, ramani ya mpimaji, jedwali la nauli za reli na fomu ya mkopo wa benki. Kenya ya kikoloni inafaa kutazamwa kwa karibu kwa sababu mambo haya yaliwekwa kwenye sheria, kwa tarehe na kwa shilingi, na waliozitunga hawakuona haya kueleza walichokitaka.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Iligharimu zaidi ya pauni milioni 5 za walipakodi wa Uingereza, na treni zilirudi pwani karibu tupu. Serikali ikaamua kwamba mzigo wa kujaza mabehewa utaletwa na walowezi. Sheria ya ardhi ya 1902 iliwapa ukodishaji wa miaka 99. Walowezi wakalalamika kwamba muda huo ni mfupi, na sheria ya 1915 ikaupandisha hadi miaka 999. Sheria hiyo hiyo ya 1915 iliitangaza ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, na mwaka 1921 Jaji Barth akatoa hukumu iliyowafanya Waafrika wapangaji wanaokaa kwa hiari ya Taji, wanaoweza kuondolewa Taji likipenda. Wahindi nao walifungiwa nyanda za juu, eneo la mashamba ya walowezi, tangu 1908, wakati Waziri wa Makoloni, Lord Elgin, alipokubali kwamba ardhi ya huko isigawiwe kwao, kwa kisingizio cha urahisi wa utawala.

Wakati huo hekta nyingi za walowezi zilikuwa pori tupu. Kwa hiyo tofauti kubwa iliyowekwa hapa haikuwa ya mavuno bali ya karatasi. Mlowezi alipewa kitu ambacho benki inakitambua na mahakama inakilinda kwa karne kumi. Mwafrika, hata kama babu zake walilima pale kwa vizazi, alibaki hana cha kuweka rehani. Tutairudia karatasi hii, maana ndiyo iliyoishi kuliko yote.

Shamba bila mikono halina thamani, na mikono haikuja. Familia iliyokuwa na ng'ombe, mtama na mahindi yake haikuwa na sababu ya kwenda kuvuna kahawa ya mtu mwingine kwa senti. Mbele ya tume ya kazi ya 1912 na 1913, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alilisema jambo hili bila kuficha: kama kila Mwafrika atakuwa na ardhi ya kumtosha, tatizo la vibarua halitakwisha kamwe. Ukielewa kauli hiyo umeelewa nusu ya historia ya uchumi wa Kenya. Umaskini wa Mwafrika haukuwa bahati mbaya iliyotokea pembeni mwa ubaguzi. Ulihitajika ili hesabu za shamba zikae sawa.

Chombo cha kwanza kilikuwa kodi. Kodi ya nyumba ilianza 1901, na kodi ya kichwa ikaongezwa 1910 ili vijana wasio na nyumba nao wanaswe. Ile ya nyumba ililipwa kwa kila nyumba, kwa hiyo mume wa wake wawili alilipa mara mbili. Kufikia 1921 kiwango kilikuwa shilingi 16. Mwaka huo huo, bei za mazao zilipoanguka duniani na sarafu ikabadilishwa kutoka rupia, walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, mwanaharakati wa Nairobi, alijipatia wafuasi kwa kuyasema mambo hayo mawili kwa pamoja, kwamba kodi inapanda na ujira unashuka. Alikamatwa Machi 1922, na polisi wakaufyatulia risasi umati uliokusanyika kumdai nje ya kituo Nairobi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Baadaye kodi ikashushwa hadi shilingi 12.

Tupige hesabu ya wakati huo. Kibarua wa shambani katika miaka ya 1920 alipata takriban shilingi 12 kwa tiketi, pamoja na posho ya unga wa mahindi ratili mbili kwa siku. Tiketi ilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, na siku ya mvua, ya ugonjwa au ambayo mnyapara hakuridhika nayo haikutiwa alama. Tiketi ya "mwezi" kwa hiyo ingeweza kuchukua wiki sita. Mwanamume mwenye nyumba mbili, anayedaiwa shilingi 24, alihitaji tiketi mbili nzima, huenda miezi mitatu, kabla hajapata senti ya chumvi wala ya nguo. Na miezi hiyo mara nyingi ndiyo ile ile ya kulima shamba lake mwenyewe. Mwaka uliofuata chakula cha nyumbani kilipungua, na haja ya kwenda tena kwa mlowezi ikaongezeka.

Halafu kikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915 lakini vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa mwishoni mwa 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi umri wa miaka 16 alitakiwa kukibeba akitoka kwao, kwa kawaida ndani ya kijaluba cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Watu hukikumbuka kwa aibu ya kuvaa kitu kama mnyama, na wana haki. Lakini ukikisoma utaona kwamba kilikuwa kwanza chombo cha kushusha bei ya kazi. Kilikuwa na jina, kabila, chifu na alama za vidole, kisha jina la mwajiri, aina ya kazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuachishwa, na mshahara.

Hiyo safu ya mshahara ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Mtu akienda kwa mwajiri mpya kutafuta shilingi 16, mwajiri alifungua kipande, akaona kwamba alikotoka alilipwa 12, akampa 12. Mwajiri alijua kila kitu kuhusu kibarua, kibarua hakujua lolote kuhusu mwajiri. Safu ya tarehe ya kuachishwa nayo ilikuwa kufuli: bila saini ya mwajiri wa zamani mtu hakuajirika kwingine, na kuondoka kabla ya kumaliza mkataba lilikuwa kosa la jinai, si la madai. Bwana mmoja mwenye kinyongo aliweza kukataa tu kutia saini. Kwa njia hiyo soko la ajira halikuwa soko, maana upande mmoja ulifungwa midomo na miguu. Kipande cha Waafrika peke yao kiliondolewa 1947, kikawekwa usajili wa watu wa rangi zote. Walowezi waliposikia kwamba alama za vidole sasa ni zao pia, waliona wametukanwa.

Kwa maskwota, yaani familia zilizoishi ndani ya mashamba ya Wazungu na kulipa kwa kazi, kamba ilikazwa polepole. Sheria ya 1918 ilidai siku 180 za kazi kwa mwaka. Ile ya 1937 iliziachia halmashauri za walowezi kupanga, na kiwango kikaweza kufika siku 270. Katikati yake, miaka ya 1920, mifugo ya maskwota ilifutwa katika operesheni ambayo wenyewe waliiita kifagio. Familia iliyoingia Bonde la Ufa na makumi ya mbuzi na ng'ombe ikabaki na vichache au bila chochote, na mwenye mifugo akageuka kibarua mtupu. Katikati ya miaka ya 1940 maskwota walikuwa takriban 200,000.

Sasa tuone jinsi umaskini huo ulivyorudi kuitetea rangi. Mishahara ya mijini ilikadiriwa kwa mwanamume asiye na mke wala watoto. Hoja ilikuwa kwamba mkewe analima rizavu, yaani eneo lililotengewa Waafrika, kwa hiyo mwajiri hana haja ya kumlisha. Hapa ndipo ilipofichwa ruzuku kubwa ambayo haikuandikwa katika bajeti yoyote: mwanamke wa Murang'a au Vihiga alimzaa mfanyakazi, akamlea, akamuuguza na kumtunza uzeeni, na kiwanda cha Nairobi kikalipa tu gharama ya kumfanya asimame wiki ile. Kitanda kimoja katika chumba cha watu kadhaa kilionekana kumtosha. Kisha maofisa wakaona vyumba vilivyojaa, wakaona magonjwa, wakaandika kwamba Waafrika hawajui kuishi mjini na hivyo watengwe. Tangu ripoti ya Profesa Simpson ya 1913, afya ya jamii ilikuwa hoja kuu ya kuigawa Nairobi kwa rangi. Aliyelipwa mshahara wa kitanda akalaumiwa kwa kulala kitandani na wenzake.

Utumishi wa serikali ulikuwa wazi zaidi. Tume ya Holmes ya 1948 ilipendekeza kwamba asiye Mzungu akifanya kazi ya cheo kile kile alipwe sehemu tatu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya 1954 ikaondoa ngazi za rangi, jambo ambalo lilishangiliwa, lakini ikaacha posho ya kumvutia mtumishi anayetoka ng'ambo. Anayetoka ng'ambo alikuwa nani, kila mtu alijua. Mwaka huo huo wa 1954, kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ilikuta kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika sekta binafsi hawakulipwa hata kiasi cha kumtosha mtu mmoja peke yake kwa mahitaji ya lazima. Yaani hata kile kipimo cha mseja hakikufikiwa.

Mtu angeuliza: kwa nini Mwafrika hakulima mazao ya biashara akaepuka mshahara kabisa? Kwa sababu hakuruhusiwa. Kahawa ilihitaji leseni, na Mwafrika wa karibu na mashamba ya walowezi hakupewa. Hoja zilizotolewa zilikuwa tatu na zote zilisikika za kitaalamu: atasambaza magonjwa ya mimea, ataharibu sifa ya kahawa ya Kenya, na kahawa itaibiwa mashambani mwa Wazungu kisha iuzwe kama yake. Bahati nzuri jaribio la kuzipima lilikuwa ng'ambo tu ya mpaka. Kilimanjaro, kwenye mlima unaoonekana kutoka Kenya, Wachagga walilima kahawa ya arabika hiyo hiyo. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wakulima, na 1933 kikazaliwa KNCU, chama cha ushirika kilichokusanya kahawa yao na kuitafutia soko. Magonjwa yalikuwepo, kama yalivyokuwepo kwa walowezi, na yalinyunyiziwa dawa. Walowezi wa Tanganyika nao walilalamika kwa hoja zile zile, ila hawakuwa na nguvu ya kutosha serikalini. Tofauti kati ya Moshi na Nyeri haikuwa udongo wala akili ya mkulima. Kenya ilianza kuruhusu Waafrika kulima kahawa miaka ya 1930, Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba makubwa ya Wazungu na kwa kiasi kidogo sana. Milango ilifunguka kweli baada ya mpango wa serikali wa kilimo cha Waafrika, ule wa Swynnerton wa 1954, tayari vita vya Mau Mau vinaendelea.

Mahindi hayakupigwa marufuku, yalipangiwa bei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, walowezi walihakikishiwa bei iliyo juu ya ile aliyolipwa Mwafrika kwa mahindi hayo hayo. Reli ilikuwa tayari imewapa nauli nafuu za kusafirisha mazao nje, na ushuru wa forodha ulilinda ngano na maziwa yao dhidi ya bidhaa za nje. Kodi ya Nyanza na Ukambani ilisaidia kuzilipia nafuu hizo. Kisha mtu akasimama katika Baraza la Kutunga Sheria akasema kwamba nchi inaendeshwa na bidii ya mkulima Mzungu.

Na mkopo? Benki ya Ardhi na Kilimo ilianza 1931, wakati wa mdororo, kuwaokoa walowezi waliozama kwenye madeni. Dhamana ilikuwa hatimiliki, ile karatasi ya miaka 999. Kwa Mwafrika kulikuwa na sheria zilizozuia kukopeshwa na mfanyabiashara: aliyemkopesha bila kibali cha ofisa hakuweza kumdai mahakamani. Zilielezwa kuwa za kumlinda. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka Mwafrika alinunua bidhaa kwa fedha taslimu, kidogo kidogo, kwa bei ya juu, huku jirani yake Mhindi akichukua mzigo kwa mkopo wa siku kadhaa kutoka kwa mwenye ghala wa Mombasa. Rafu za mmoja zilijaa, za mwingine zilikuwa na kiberiti na sabuni. Mteja aliona rafu, hakuiona sheria. Hapo ndipo yalipopata nguvu maneno ambayo hadi leo watu huyarudia, kwamba Mwafrika hajui biashara na Mhindi kazaliwa nayo.

Tukio la Ukambani la 1938 linaonyesha mzunguko wote mahali pamoja. Mipaka ya rizavu ya Machakos ilibanwa na mashamba ya walowezi, malisho yakachoka, udongo ukaanza kuchukuliwa na mvua. Serikali ikaona korongo na kuamua kwamba kosa ni la Wakamba kupenda ng'ombe wengi. Ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Wakati huo huo kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda hicho kilihitaji ng'ombe wa bei ndogo. Ng'ombe walikamatwa na kupigwa mnada. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu ya Wakamba walitembea hadi Nairobi wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakimtaka gavana. Serikali ilirudi nyuma kwenye mnada, Mbingu akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Ardhi iliyochukuliwa mwanzo haikutajwa katika suluhisho. Tume ya ardhi ya Carter, iliyotoa ripoti 1934, ilikuwa imekwisha kuichora mipaka: takriban maili za mraba 16,700 za nyanda za juu kwa Wazungu, ambao hata mwaka 1948 hawakufika 30,000, katika nchi ya Waafrika zaidi ya milioni 5.

Pwani rangi ilikuwa na bei ya wazi kabisa. Kuhesabiwa "mwenyeji" kulimaanisha kodi ya nyumba na haki chache. Kuhesabiwa asiye mwenyeji kulimaanisha kiwango kingine cha maisha. Ndiyo sababu Thenashara Taifa, yaani koo kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, walipigana miaka mingi wawekwe kundi moja na Waarabu. Ni rahisi leo kuwacheka au kuwalaumu kwa kukana Uafrika, lakini serikali ndiyo iliyoweka shilingi juu ya ukoo. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908 ilipoanza kusikiliza madai ya ukanda wa pwani wa maili 10, Waarabu na baadhi ya Waswahili walipata kuandikisha mashamba binafsi, na Wamijikenda kwa sehemu kubwa walikosa, kwa kuwa umiliki wao wa pamoja haukutambuliwa kama umiliki.

Mwaka 1960 amri mpya iliondoa kizuizi cha rangi katika nyanda za juu. Kisheria, tangu hapo Mwafrika yeyote aliweza kununua shamba. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba ubaguzi uliisha na kilichobaki ni tofauti za matajiri na maskini, kana kwamba ni mambo mawili. Swali ni nani alikuwa na fedha siku mlango ulipofunguliwa. Walikuwa machifu, walimu, makarani, wafanyabiashara wachache na watu walioshirikiana na serikali wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa kwa ajili ya Mau Mau. Katika Mkoa wa Kati mashamba yaliunganishwa na kuandikishwa wakati maelfu ya wanaume wako vizuizini, na wengi waliporudi walikuta mipaka imepigwa bila wao. Waliosoma walisoma kwa sababu baba alikuwa na mshahara. Waliokopa walikopa kwa sababu sasa walikuwa na hatimiliki.

Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliweka takriban familia 35,000 kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi. Serikali ya Uingereza na Benki ya Dunia walikuwa miongoni mwa waliotoa fedha, na sehemu kubwa ilikuwa mkopo. Mlowezi alilipwa bei ya soko na kuondoka. Mkulima aliyeingia alianza na deni la ardhi la hadi miaka 30, pamoja na riba. Lakini bei hiyo ya soko ilitoka wapi? Ilikuwa na ndani yake nauli nafuu za reli, bei za mahindi zilizopendelewa, na visiki vilivyong'olewa na maskwota kwa siku 180 za kila mwaka. Mtoto wa skwota aliyenunua ekari zake alilipia jasho la baba yake kwa awamu, na wengi walishindwa kulipa kwa wakati si kwa uvivu bali kwa kuwa shamba dogo lilitakiwa kulisha familia, kulipa ada ya shule na kulipa benki kutoka msimu huo huo mmoja. Mashamba makubwa kwa upande wake mara nyingi yalibadilisha tu mwenyewe, yakiwa mazima.

Katiba ya 2010 ilipunguza ukodishaji wa miaka 999 wa wasio raia hadi 99. Tukihesabu kutoka mwaka huo, mwisho wake ni 2109. Sheria ya 2016 nayo iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kusikiliza madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi, ikitoa miaka 5 ya kuyawasilisha, kwa sharti kwamba dhuluma iwe inaweza kuthibitishwa. Kampuni ya majani chai inayojibu dai kama hilo ina ramani, mikataba na risiti za miaka mingi ndani ya kabati moja. Jamii inayodai inatakiwa kuonyesha mpaka wa shamba ambalo sheria ya 1915 ilisema si lake, na ambalo kwa sababu hiyo hakuna ofisa aliyewahi kuliandikia karatasi.